Kutoka Shinkolobwe hadi Mol: Historia ya Vichapuzi vya Nguvu Kubwa na Suala la Istilahi za Kiswahili, kwa Mtazamo wa Rohero

Ikisiri

Historia ya vichapuzi vya chembe vya nguvu kubwa husimuliwa kama historia ya maabara za Marekani, Ulaya na Japani. Makala haya yanaisoma historia hiyo kutoka Rohero, katikati ya Bujumbura. Yanaonesha kwamba mpango wa kwanza wa kujenga kichapuzi cha aina hiyo ulitokana na wasiwasi juu ya urani ya Kongo, iliyochimbwa mahali ambapo Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi. Yanadai pia kwamba tatizo kuu la fizikia ya mitambo hii, yaani kuzuia msongamano wa chembe zinazosukumana usimwagike njiani, linafichwa na maneno mawili ambayo Kiswahili kimeyazoea mno: mwale na nguvu.

Utangulizi

Mtu anayetembea Rohero leo, akipita karibu na kanisa kuu la Regina Mundi na kuteremka kuelekea ziwani, anatembea katika ramani iliyochorwa wakati mji ukiitwa Usumbura. Ulikuwa makao makuu ya Ruanda-Urundi, nchi ambayo Ubelgiji iliikamata kutoka kwa Wajerumani na ambayo kwa sheria ya tarehe 21 Agosti 1925 iliunganishwa kiutawala na Kongo ya Kibelgiji. Rohero ilikuwa upande wa ofisi na makazi ya watawala, na Kifaransa kilikuwa lugha ya majalada. Buyenzi, si mbali na hapo, palikuwa mtaa wa Waswahili: wafanyabiashara, mafundi, madereva, watu wa msikiti na wa soko. Mgawanyo huo wa kazi baina ya lugha haukukoma mwaka 1962 bendera ya Ubelgiji iliposhushwa. Mpaka sasa ni jambo la kawaida kudhani kwamba masuala ya atomu, mionzi na vichapuzi ni ya Kifaransa au Kiingereza, na kwamba Kiswahili kitayapokea baadaye, yakishapoa.

Dhana hiyo haina msingi wa kihistoria. Kiswahili kilikuwapo mwanzoni kabisa, chini ya ardhi.

Urani na lugha ya kazi

Mgodi wa Shinkolobwe, kusini mwa Katanga, ulimilikiwa na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Kwanza ulitafutiwa radiamu. Urani ilikuwa mabaki. Mwaka 1940 mkurugenzi wa kampuni hiyo, Edgar Sengier, aliagiza zaidi ya tani 1,000 za mawe yenye urani zipelekwe New York, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likazinunua zikiwa bado ghalani katika kisiwa cha Staten. Tarehe 26 Septemba 1944 Marekani, Uingereza na Ubelgiji zilitia saini mapatano yaliyowapa Wamarekani na Waingereza haki ya kwanza ya kununua urani ya Kongo, na kuiahidi Ubelgiji nafasi katika matumizi ya kibiashara ya nishati ya nyuklia.

Waliochimba hawakutia saini chochote. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1920 Union Minière iliajiri vibarua kutoka Ruanda-Urundi, na vijana wa milima ya Burundi waliofika Katanga walikuta lugha ya amri, ya zana na ya mshahara ni Kiswahili. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986, ameeleza jinsi Kiswahili cha Katanga kilivyopewa sura na mahitaji ya migodi na utawala. Hapana haja ya kukisifu Kiswahili hicho cha kazi; kilikuwa lugha ya kuamrisha kabla ya kuwa lugha ya kujadiliana. Lakini ni kweli kwamba malighafi iliyoufungua umri wa nyuklia ilitolewa ardhini na watu walioelekezwa kwa Kiswahili.

Fedha nazo zina njia yake. Mwaka 1951 Ubelgiji ilipata malipo ya ziada juu ya urani iliyouzwa Marekani, yaliyokusudiwa kugharamia utafiti wake wa nyuklia. Mwaka uliofuata kilianzishwa kituo cha utafiti kinachojulikana leo kama SCK CEN, ambacho kilijengwa Mol, na mwaka 1956 kinu chake cha kwanza, BR1, kikawashwa. Léopoldville nayo ilipata kinu kidogo, TRICO, katika Chuo Kikuu cha Lovanium mwaka 1959, chini ya gombera mwanafizikia, Padri Luc Gillon. Kilikuwa cha kwanza barani Afrika. Usumbura haikupata kitu.

Livermore: mtambo uliozaliwa na hofu

Agosti 1949 Umoja wa Kisovyeti ulilipua bomu lake la kwanza la atomu. Marekani ilikuwa inategemea sana urani kutoka nje, na sehemu kubwa ilitoka Shinkolobwe. Je, njia ya Kongo ikifungwa? Ernest Lawrence wa Berkeley, mgunduzi wa saiklotroni, alikuja na jibu la kushangaza: badala ya kutafuta urani zaidi, utengenezwe mtambo wa kurusha chembe nyingi mno kwenye shabaha ya metali nzito, ili neutroni zitakazotoka zigeuze urani isiyofaa kuwa plutoni. Kwa maneno mengine, umeme ungechukua nafasi ya mgodi.

Mtambo wa majaribio ulijengwa Livermore, California, katika uwanja wa zamani wa ndege za jeshi la majini. Ulikuwa na tangi la ombwe lenye kipenyo cha takriban mita 18 na urefu wa mita 27 hivi, ambamo mtu angeweza kusimamisha nyumba ya ghorofa. Wahandisi walitaabika sana na cheche: umeme uliruka ndani ya tangi badala ya kuzisukuma chembe. Hata hivyo mradi haukuuawa na cheche. Uliuawa na wachimbaji. Serikali ya Marekani ilikuwa imetoa motisha kwa wanaotafuta urani nchini mwao, akiba kubwa zikapatikana katika nyanda za Colorado, na kufikia 1954 hofu iliyouzaa mradi ilikuwa imekwisha.

Wanahistoria wa fizikia huutaja mradi huu kwa kifupi, kama gofu la kipindi cha vita baridi. Ukitazamwa kutoka Afrika ya Kati uzito wake ni mwingine. Kichapuzi cha kwanza cha nguvu kubwa kilibuniwa kuwa mbadala wa Shinkolobwe, yaani kimezaliwa kutokana na mgodi wa Kongo kama vile ukuta unavyozaliwa kutokana na mwizi anayehofiwa.

Ugumu uko wapi

Hapa ndipo mshauri wa sera hupotea njia, na mara nyingi lugha ndiyo inayompoteza. Vichapuzi hutajwa kwa nishati ya chembe moja moja, ambayo huhesabiwa kwa elektronivolti. Mashine mbili za kutibu saratani zilizoanza kazi Kigali mwaka 2019, ambazo ni jirani za Bujumbura kwa safari ya basi ya siku moja, hufikisha elektroni kwenye nishati ya elektronivolti milioni kadhaa, lakini elektroni hizo ni chache. Kichapuzi cha nguvu kubwa ni kitu kingine. Humo nishati ya kila chembe ni kubwa na chembe zenyewe ni nyingi mno kwa kila sekunde, na nguvu ni zao la hayo mawili. Hesabu yake ni nyepesi: protoni zilizosukumwa kwa volti milioni 600, zikipita kwa kiwango cha miliampea 4, hubeba megawati 2.4. Mtambo wa Ulaya unaojengwa Lund, Sweden, umekusudiwa kufikia megawati 5. Bwawa la Rwegura, mojawapo ya vyanzo vikuu vya umeme vya Burundi, lina uwezo wa megawati 18. Zaidi ya robo ya Rwegura, basi, ingesafiri ndani ya bomba la ombwe katika uzi wa chembe mwembamba kuliko kidole. Na umeme unaovutwa kutoka gridi ili kuutengeneza uzi huo ni mara kadhaa ya hapo.

Uzi huo hautaki kubaki uzi. Protoni zote zina chaji chanya, kwa hiyo kila moja inaisukuma jirani yake. Msukumano ni mkali zaidi mwanzoni, zikiwa bado zinakwenda polepole. Kadiri zinavyokaribia mwendo wa mwanga, mvutano wa kisumaku unaozaliwa na mwendo wao huupunguza. Ndiyo maana mita chache za kwanza za kichapuzi huwanyima wabunifu usingizi kuliko mamia ya mita yanayofuata. Suluhisho la hatua hiyo lilitoka kwa Warusi wawili, Kapchinsky na Teplyakov, waliopendekeza karibu na mwaka 1970 kifaa kinachotumia mawimbi ya redio kuzibana chembe, kuzigawa mafungu na kuziongezea mwendo kwa wakati mmoja. Maabara ya Los Alamos ilikithibitisha mwaka 1980, na leo ni nadra kukuta kichapuzi kipya cha protoni chenye nguvu kubwa kisichoanza nacho.

Lakini kubana hakutoshi. Protoni inayotoka nje ya mstari na kugonga ukuta wa bomba huifanya metali iwe na mionzi. Kanuni ambayo wabunifu wameizoea ni kwamba upotevu usizidi wati 1 kwa kila mita ya kichapuzi. Zaidi ya hapo, mafundi hawawezi kuingia na kurekebisha mtambo kwa mikono yao baada ya kuuzima. Katika mkondo wa megawati 1, wati 1 ni sehemu moja ya milioni. Mfano wa nyumbani utasaidia. Anayechota maji kisimani kwa ndoo za lita 20 angeruhusiwa kumwaga tone moja tu katika kila ndoo mbili na nusu, kwa kila mita anayotembea.

Chembe zinazomwagika ni hasa zile za pembezoni, zinazozunguka kiini cha mkondo kama ukungu. Kwa muda mrefu ukungu huo ulionekana kama uchafu usioepukika. Katika miaka ya 1990 watafiti, Robert Gluckstern miongoni mwao, walieleza chanzo chake. Sumaku zisipolingana barabara na umbo la mkondo, kiini huanza kutanuka na kusinyaa kwa mapigo. Chembe inayokikatiza kiini kwa mapigo yanayooana na hayo hupokea msukumo kila mara, kama mtoto kwenye pembea anayesukumwa wakati unaofaa, hadi inarushwa mbali. Los Alamos walijenga njia yenye sumaku 52 mwanzoni mwa miaka ya 2000 ili kulipima jambo hili kwa protoni halisi. Ugumu, kwa hiyo, haumo katika wastani wa mkondo bali katika chembe chache zilizo ukingoni, ambazo hesabu za wastani hazizioni.

Mwale, mkondo, msafara

Kiswahili kinakiitaje kitu hiki? Jibu la haraka ni mwale. Neno hili ni zuri, ni la kale, na kwa mwanga linafaa. Tatizo ni kwamba miale haisukumani. Miale miwili ya jua hukatizana bila kubughudhiana, na msomaji wa Kiswahili analijua hilo kabla hajaingia darasani. Akiambiwa kwamba kichapuzi kinatoa mwale wa protoni, atadhani kazi ya mhandisi ni kuuelekeza tu, kama mtu na tochi. Tatizo zima la miaka 70 limetoweka ndani ya neno moja.

Mkondo ni bora. Lina dhana ya wingi, ya mwendo, ya kingo na ya kufurika. Dosari yake ni kwamba limekwisha kuajiriwa katika umeme, na kichapuzi kina umeme pia, unaopimwa kwa ampea. Dosari hii inatibika: mkondo wa chembe kwa kitu chenyewe, kiwango cha mkondo kwa ampea zake. Lipo pia neno msafara, ambalo kwa watu wa Ujiji, Rumonge na Usumbura lina kumbukumbu ndefu: wengi waendao pamoja, wenye mbele na nyuma, na walio pembeni ndio wa kwanza kupotea. Kwa kufundishia, msafara unashinda maneno yote. Kwa istilahi unazidi kuwa mzito, kwa sababu magari ya viongozi yamekwisha kuuchukua.

Neno nguvu lina shida zaidi. Katika mazungumzo linabeba ushupavu, uwezo, umeme na mamlaka. Fizikia ya shule imefaulu kulipunguzia mzigo kwa kusimika kani na nishati, lakini katika nyaraka za serikali maneno nguvu na nishati bado hubadilishana viti. Kwa mtambo wa hospitali kosa hilo halidhuru sana. Kwa kichapuzi cha nguvu kubwa linadhuru, kwani swali linalostahili kuulizwa kuhusu mionzi, ulinzi na gharama za umeme linahusu megawati, ilhali vipeperushi vya wauzaji hupenda kutaja elektronivolti. Mshauri asiye na maneno mawili tofauti hawezi kugundua kwamba amejibiwa swali ambalo hakuliuliza.

Mol tena

Historia ina njia ya kurudi ilikotoka. Septemba 2018 serikali ya Ubelgiji iliidhinisha euro milioni 558 kwa mradi wa MYRRHA, huko huko Mol. Ni kinu cha nyuklia ambacho hakiwezi kujiendesha chenyewe: kimekusudiwa kupokea neutroni zinazotokana na kichapuzi cha protoni, na kichapuzi kikizimwa, kinu kinazima. Miongoni mwa malengo yake ni kujaribu namna ya kuzichoma taka za nyuklia zinazodumu muda mrefu. Mkondo wake umebuniwa kuwa ule uliokwisha kutajwa, wa volti milioni 600 na miliampea 4. Sehemu ya mwanzo ya kichapuzi, ile ya Kapchinsky na Teplyakov, ilijaribiwa Louvain-la-Neuve mwaka 2020, katika chuo kikuu cha ukoo ule ule uliokianzisha Lovanium.

Sharti gumu la mtambo wa Mol si nguvu yake, kwani Uswisi ina saiklotroni iliyoanza mwaka 1974 na sasa inafikisha megawati 1.4, na Marekani ina mtambo wa Oak Ridge uliovuka hapo. Sharti gumu ni kutokatika. Mkondo ukikatika ghafla, moto wa kinu hushuka mara moja na metali zake hupata mshtuko wa joto. Ukirudi, mshtuko hurudi. Wabunifu wamejiwekea kikomo: katika miezi mitatu ya kazi, mikatiko inayozidi sekunde 3 isipite 10. Wakazi wa Bujumbura, ambao wana uzoefu wao wa kukatikiwa na umeme, hawatahitaji maelezo marefu kuona ukali wa sharti hilo. Njia iliyochaguliwa ni kuandaa vianzio viwili, kimoja kikiwa tayari kushika zamu, na kukiacha kila kisukumizi kikuu kifanye kazi chini ya uwezo wake ili kimoja kikifa majirani wamfidie.

Visukumizi hivyo hutengenezwa kwa niobi safi sana iliyopozwa kwa heliamu ya majimaji, hadi umeme upite karibu bila ukinzani. Niobi ni ndugu wa tantali, na yote mawili yamo katika koltani inayochimbwa kaskazini mwa Burundi na ng'ambo, Kivu. Isidhaniwe kwamba Burundi ndiyo inayoijenga Mol: niobi nyingi ya dunia hutoka Brazili, na koltani ya Maziwa Makuu hutafutwa zaidi kwa tantali yake ya simu na kompyuta. Uhusiano uliopo ni wa aina nyingine. Mchimbaji wa Kayanza na mwenzake wa Kivu, kama wale wa Shinkolobwe, wanakijua kitu kwa uzito na rangi yake, na jina la kazi kinayokwenda kufanya halijawafikia katika lugha wanayoisema.

Orodha itakayoandikwa

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilifuata mwaka 2022, na kwa hatua hiyo Rohero na Shinkolobwe zikajikuta tena chini ya paa moja, safari hii bila gavana. Ibara ya 137 ya Mkataba wa Jumuiya iliagiza Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano mapana, na Kamisheni ya Kiswahili yenye makao yake Zanzibar ina kazi ya kulisimamia hilo. Orodha za istilahi za mionzi na nyuklia hazina budi kuandaliwa, kwa sababu mashine za tiba zinaongezeka katika kanda na kila moja huja na mikataba, miongozo ya usalama na mafunzo ya mafundi. Zikiandaliwa Dar es Salaam na Nairobi peke yake zitakuwa na ufasaha, lakini zitakosa Kiswahili cha Katanga na cha Buyenzi, ambacho kina msamiati wa mgodi, wa karakana na wa kubeba mizigo mizito.

Ingizo litakaloleta ubishi pengine si kichapuzi, ambacho madereva wamekwisha kukizoea, wala mkondo wa chembe. Ni lile la chembe zinazoacha njia. Upotevu, neno lililotumika hata katika makala haya kwa mazoea, ni la mhasibu: linasema kilichokuwapo hakipo. Mmwagiko linasema zaidi, kwamba kilichotoka kimeangukia mahali, kwenye ukuta wa bomba, mita fulani kutoka mwanzo, na kwamba yuko fundi atakayetumwa kwenda kupafungua mahali hapo.